Kitanda Namba Kumi na Tisa

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Zdravko Perić leo ana siku mia moja arobaini na moja,
na jembe hajapewa, wala mlango.

Alikuja na nimonia mwezi wa pili, joto bado lipo.
Nimonia ikaondoka kwa miguu yake yenyewe.
Yeye akabaki,
maana kwake kuna ngazi kumi na nne
na mke wa kumshika kiwiko hayupo tena.
Anahitaji chumba katika nyumba ya wazee.
Nyumba za wazee ni za Canberra.
Vitanda vya hospitali ni vya jimbo.
Na mzee mwenyewe, ni wa nani?
Hapo ndipo kalamu zote hukaukiwa wino.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuhesabu vitanda usiku.
Nina simu, kompyuta, na koti la sufu,
kwa kuwa mwezi wa saba hapa Tasmania
baridi huingia hata kwenye tundu la ufunguo.

Redioni, waziri wa Hobart:
wazee wenu wamelalia vitanda vyetu.
Waziri wa Canberra:
fedha tuliwapa, mlizitia wapi?
Mmoja anausoma mkataba kutoka juu,
mwenzake kutoka chini,
wanakutana katikati, kwenye koma,
na koma hiyo wanaigombea tangu Pasaka.

Chini, kwenye mteremko wa dharura,
ambulensi saba zimepanga foleni, injini zinanguruma
ili wagonjwa wasigande.
Katika ya tatu yumo Bi Thelma Oakford, nyonga imevunjika,
saa ya tano sasa anatazama dari ya bati.
Tamsin, mhudumu wa gari,
amekwisha kumsimulia mbwa wake wote watatu.
Ameanza mbwa wa jirani.

Zdravko haoni vizuri, ila taa anazihesabu.
"Saba," ananiambia. "Jana zilikuwa tano."
Miaka thelathini alikuwa kiwanda cha karatasi,
anajua mashine ikikwama husikikaje:
si kelele.
Ni kimya kinachorefuka.

Saa kumi kasorobo, alfajiri, nikamkuta amevaa viatu.
Shuka amezikunja kona kwa kona, kama rimu mpya.
Amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani,
mfuko wa nailoni magotini.

"Andika kiko wazi."

Nikasema haiwezekani, kompyuta haitakubali,
hujaruhusiwa, huna pa kwenda.

"Sikusema naenda. Nimesema nimekaa."

Muuguzi Lissy Kurian akanitazama.
Nami nikamtazama.
Kisha akageuka kupanga vikombe vya dawa
ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Nikaandika: wazi.

Saa kumi na dakika ishirini Bi Thelma akapandishwa,
akalazwa kwa shuka kama yai,
akavuta pumzi, akasema mto unanuka sabuni ya kunyolea.
"Samahani," akasema Zdravko kutoka kitini.

Saa mbili asubuhi, ujumbe kutoka ofisi ya hesabu:
mgonjwa aliyeketi kando ya kumi na tisa
anaingia kwenye fungu la nani?
Nikapiga simu Hobart.
Hobart wakasema waulize Canberra.
Canberra wakaniweka kwenye muziki dakika arobaini,
halafu sauti ya kijana, mpole, mwenye mafua:
samahani mama, kiti hakimo katika mkataba.

Lissy alikuwa amekwenda kuchemsha chai
bila kumuuliza mtu majani ni ya serikali ipi.
Zdravko aliipuliza, akanywa funda moja.
Nje zilikuwa zimebaki sita.

Hajafika nusu ya kikombe,
akanyoosha kidole dirishani.

Saba.